Barua ya wazi kwa Spika na maseneta wa Kenya: tuleteeni miswada kwa Kiswahili

Kwa Mheshimiwa Amason Kingi, Spika wa Seneti. Kwa viongozi wa walio wengi na wa walio wachache. Kwa Karani wa Seneti. Na kwa maseneta wote 67.

Salamu kutoka Kwale.

Mimi ni mkulima wa mwani huku pwani ya kusini, na ni katibu wa kikundi cha akina mama. Siku za bamvua, bahari inapokupwa sana, hatupatikani. Maji yakitoka tunashuka na kamba na vigingi, tunafunga mbegu, tunavuna, tunaanika. Maji yakiwa mafu, yaani yasipokupwa sana, ndipo tunapokutana chini ya mwembe kuhesabu akiba na kuzungumza mambo ya kijiji. Kwa miaka michache sasa, katika vikao hivyo vya maji mafu nina kazi nyingine ambayo hakuna aliyenituma: nawasomea wenzangu miswada ya Seneti.

Nasema nawasomea, lakini kwa kweli nawatafsiria. Mswada naupakua kwa simu. Umeandikwa kwa Kiingereza tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho, nami nilimaliza kidato cha nne zamani sana. Napita kifungu baada ya kifungu nikitafuta maneno, na pembeni nimeweka nakala yangu ya Katiba ya Kiswahili inisaidie pale istilahi zinapofanana. Kurasa za Katiba ile zimelegea kwa kufunguliwa. Mswada mfupi unatuchukua alasiri moja. Mrefu hatuumalizi, maana kabla hatujafika katikati siku za kupeleka maoni huwa zimekwisha.

Naandika kwa sababu ya neno moja. Kuna mswada niliwasomea wenzangu nikawaambia serikali ya kaunti "lazima" ivipe vikundi kama chetu nafasi katika kamati fulani. Tukafurahi. Mwenyekiti wetu, mama Mduruma mwenye umri wa kuwa mama yangu, akafunga safari hadi ofisini kuulizia nafasi yetu. Afisa aliyemsikiliza akamwonyesha maandishi: hayakusema "lazima", yalisema "yaweza". Kwa Kiingereza neno lile ni dogo, nililipita bila kulitazama mara ya pili. Mama yule alirudi kwa matatu mbili na hakunilaumu. Tangu siku hiyo kila nikisoma mbele yao nahofia ni neno gani jingine nimelipita. Naona si haki mzigo wa kujua sheria inasema nini ubebwe na katibu wa kikundi cha mwani, ilhali Seneti ina makarani, mawakili na wakalimani.

Mheshimiwa Spika, Kifungu cha 120 cha Katiba kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kiswahili hapo hakikuwekwa kama mgeni wa kukaribishwa siku za sherehe. Fungu la pili la kifungu hichohicho linaeleza kwamba ikitokea tofauti kati ya matini za sheria katika lugha mbalimbali, ile aliyoitia saini Rais ndiyo itakayofuatwa. Nililisoma fungu hilo mara nyingi kabla sijalielewa uzito wake. Watu walioandika Katiba ya 2010 waliona mbele kwamba sheria moja ingekuwa na matini zaidi ya moja. Wakatunga hadi kanuni ya kumaliza ubishi zikigongana. Sasa Seneti imerudi tangu 2013, tuko Bunge la tatu chini ya Katiba hii, na miswada bado inachapishwa kwa lugha moja.

Najua mna mengi. Jumanne, Jumatano na Alhamisi saa nane na nusu mchana dua inasomwa, halafu yanafuata mawasiliano ya Spika, maombi ya wananchi, hati zinazowekwa mezani, kauli za maseneta, kisha miswada. Jumatano asubuhi mawaziri huitwa kujibu maswali. Mara nyingi nimewasikiliza katika matangazo ya moja kwa moja huku nikisuka kamba. Nawasikia maseneta wanaosimama na kusema, "Bw. Spika, asante kwa kunipa fursa hii." Seneta Faki wa Mombasa hufanya hivyo, Seneta Agnes Kavindu wa Machakos hufanya hivyo, na wengine pia. Wakisema, wenzangu huacha kazi mikononi wakasikiliza. Mseneta anayechangia kwa Kiswahili ana mzigo ambao mwenzake hana: mswada alioushika umeandikwa kwa Kiingereza, naye kila kifungu anachotaka kukitaja inambidi akitafsiri palepale, mbele ya Bunge zima, na akianza kwa lugha moja kanuni zenu zinamtaka amalize kwa hiyohiyo. Akiteleza neno moja, mwenzake anainuka kwa hoja ya nidhamu. Sishangai wengi wakiona heri kubaki na Kiingereza.

Na mimi ni mtu wa Pwani, Kiswahili ninacho tangu utotoni. Mwenyekiti wetu kwao ni Kiduruma, Kiswahili alikifuata sokoni na kwenye mikutano. Lakini alikifuata, anacho, anaamua nacho mambo yake yote ya nje ya nyumba. Kiingereza hakikumfikia, na katika umri wake hakitamfikia.

Nitataja fedha, maana huko ndiko Seneti inakotushika moja kwa moja. Afya ya kaunti, kilimo na uvuvi, chekechea, maji, barabara zetu za vijijini, yote hayo yanategemea miswada miwili ya kila mwaka: ule unaogawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti, na ule unaogawia kila kaunti fungu lake. Katiba inataka ifikishwe Bungeni angalau miezi miwili kabla ya mwaka wa fedha kwisha, na inataka kaunti zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato. Kwa mwaka wa fedha wa 2025/26 Seneti ilidai shilingi bilioni 465, Bunge la Kitaifa likashikilia bilioni 405, kamati ya maridhiano ikakaa, mkatoka na bilioni 415. Redioni tulisikia tarakimu hizo tatu tu. Kwa nini mlidai 465? Mlihesabu nini ndani yake? Kitu gani kiliachwa njiani mpaka mkateremka hadi 415, na je, kilichoachwa ni dawa za zahanati yetu? Majibu yapo. Yamo katika ripoti ya kamati na katika Hansadi, kumbukumbu rasmi za mijadala yenu, kwa Kiingereza cha wahasibu. Nilijaribu. Nilifika ukurasa wa tisa.

Lakini kuna mwaka mmoja tulielewa kila kitu, nao ni 2020. Fomula mpya ya kugawa fedha ilikuwa mbele yenu na Kwale ilikuwa miongoni mwa kaunti za kupoteza, pamoja na majirani zetu wa Mombasa, Kilifi na Tana River. Kikao baada ya kikao kura ilishindikana. Agosti tarehe 17 maseneta watatu wakakamatwa siku ya kupiga kura. Hadi Septemba tarehe 17 ndipo mlipopata mwafaka, kwamba hakuna kaunti itakayopunguziwa. Miezi ile hakuna mama katika kikundi chetu aliyehitaji mkalimani. Kila jioni maseneta walikuwa redioni wakieleza kwa Kiswahili safi maana ya idadi ya watu katika fomula, maana ya ukubwa wa ardhi, maana ya umaskini. Waliotaka fedha zifuate watu walisema "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", nasi tukawajibu palepale chini ya mwembe kwamba barabara ya kaunti kavu haifupiki kwa kuwa watu wake ni wachache. Tulibishana, tukagawanyika, tukarudiana. Nilijifunza kwamba hakuna jambo la Seneti lililo gumu mno kwa Kiswahili. Mlikuwa mnatuhitaji upande wenu, mkapata maneno yote.

Basi na katika miaka ya utulivu tunawahitaji vivyo hivyo.

Kuhusu ushirikishaji wa umma, nimewahi kuhudhuria kikao kimoja cha kukusanya maoni juu ya mswada. Sitasema kiliitishwa na nani, maana nia yangu si kumchongea mtu. Tangazo lilikuwa gazetini kwa Kiingereza, mimi nikapata habari kwa mpwa wangu. Mlangoni tulipewa nakala, moja kwa watu watatu, kurasa zaidi ya thelathini, na papo hapo tukaombwa tutoe maoni. Bibi mmoja muuza samaki alisimama akauliza, "Mwanangu, kitu gani kinabadilika kwangu mimi?" Akajibiwa kwa kusomewa kifungu chenyewe, kwa Kiingereza, polepole, kana kwamba tatizo lilikuwa kasi. Bibi akaketi. Katika orodha ya waliohudhuria jina lake limo, na bila shaka amehesabiwa kuwa ameshirikishwa.

Kifungu cha 118 kinataka Bunge lifanye shughuli zake waziwazi na liwezeshe wananchi kushiriki. Mahakama zimeanza kulichukua neno hilo kwa uzito. Sheria mpya za afya zilizotiwa saini Oktoba 2023 zilipita katika mabunge yote mawili, na Julai 2024 Mahakama Kuu ikatangaza tatu kati yake kuwa kinyume cha Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Rufaa zikafuata, na mambo ya mawakili nawaachia mawakili. Ninachokijua ni kilichotokea kwenye foleni ya zahanati. Watu walikuwa wakiulizana kama bima ya zamani ingalipo, kama kadi zao zina maana, nani analipa nini, na hakuna aliyekuwa na karatasi ya Kiswahili ya kumwonyesha mwenzake. Sheria inayomgusa mjamzito wa Kijiji cha mwisho kabisa ilikuwa imepita mikononi mwa Wakenya wengi sana kabla haijamfikia yeye, na hakuna aliyeona haja ya kuiandika kwa lugha anayoisema.

Nataka pia kuzungumzia kura. Kwa mswada unaohusu kaunti, kila kaunti ina kura moja, inayopigwa na mkuu wa ujumbe wake, na mswada haupiti bila kaunti 24 kuunga mkono. Maseneta 15 wanatosha kuanzisha kikao, hawatoshi kupitisha mswada wa namna hiyo. Ndiyo maana mara kwa mara mjadala unakwisha, watu wamesema vizuri, halafu Spika analazimika kuahirisha kura hadi siku nyingine kwa kuwa wajumbe wa kaunti hawajatimia. Mswada unakaa. Wiki zinapita. Kura hiyo moja, Mheshimiwa Spika, ni kura ya Kwale. Ni yangu. Nikitaka kujua kama ilipigwa au kiti kilikuwa kitupu, inanibidi niipekue Hansadi ya siku nzima. Mwenyekiti wetu hawezi hata kuanza. Anamchagua seneta kila baada ya miaka mitano bila kujua hata mara moja alisimama upande gani.

Oktoba 2024, mlipomsikiliza na kumwondoa Naibu wa Rais Rigathi Gachagua, kila simu ya kijijini ilikuwa wazi. Mashtaka 11 yalisomwa, matano yakathibitishwa, na maseneta wakapiga kura juu ya kila shtaka. Wenzangu walinitaka niketi katikati niwatafsirie siku mbili nzima, nikapoteza sauti. Walitaka kujua kila shtaka, na nani alisema ndiyo, na nani alisema la. Hamu ya kufuatilia kazi yenu ipo huku. Msidhani watu wanapenda sarakasi tu. Wakishapata kuelewa kinachoendelea, huuliza maswali ambayo hata mimi yananishinda.

Nimesikia sababu za kukataa. Ya kwanza ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya sheria. Dada yangu ameolewa Tanga, ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga, na huko bajeti ya taifa inasomwa Dodoma kwa Kiswahili, miswada inajadiliwa kwa Kiswahili, na mwaka 2021 walibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maneno yapo, ng'ambo ya kizuizi cha forodha. Yetu wenyewe pia yapo: Katiba nzima ilitafsiriwa, pamoja na sura ile ngumu ya fedha za umma. Sababu ya pili ni gharama. Vyuo vikuu vyetu vinatoa wahitimu wa Kiswahili kila mwaka, wengi wao hawana kazi, na naamini kikosi kidogo cha wafasiri na wanasheria wawili watatu hakitaizidi bajeti ya safari za kamati moja. Sababu ya tatu, kwamba Kiingereza ndicho kinachotiwa saini, Kifungu cha 120 kimeshaijibu.

Ipo na ya nne ambayo haisemwi kwa sauti, kwamba ndivyo tulivyozoea. Hiyo ina mizizi. Julai 1974 Mzee Kenyatta aliagiza Kiswahili kitumike Bungeni, na wabunge waliozoea kunguruma kwa Kiingereza wakajikuta wanatafuta maneno. Lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, hivyo mjumbe alizungumza kwa lugha moja juu ya karatasi ya lugha nyingine, na mnamo 1979 Kiingereza kikarudishwa kwenye mijadala. Agizo lile halikushindwa kwa sababu Kiswahili kilishindwa. Walibadilisha mdomo wakaiacha karatasi.

Hata Seneti yenyewe inanipa la kufikiri. Ile ya kwanza ilizaliwa na uhuru 1963, viti 41, na Spika wake, Muinga Chokwe, alikuwa mtu wa Pwani kama wewe. Mwishoni mwa 1966 ikamezwa na Bunge moja. Nimewauliza wazee wengi wa huku juu ya majimbo, na wanasimulia hadi usiku. Juu ya Seneti ile hakuna aliyenisimulia hata kisa kimoja. Haikupata kuwa yao. Ya sasa tuliipata tena kwa kura yetu ya 2010, na kila zinapozuka kelele kwamba Seneti ni mzigo ifutwe, nawatetea mimi, kwa hoja ninazoziokota kutoka kwenye karatasi za Kiingereza.

Ninachoomba ni hiki. Kila mswada unaohusu kaunti uchapishwe kwa Kiswahili siku unaposomwa kwa mara ya kwanza, ufasiriwe na watu wenu wenye ujuzi, upitiwe na wanasheria wenu, uwe na muhuri wa Seneti. Kama hamwezi yote kwa mara moja, anzeni na ile miwili ya fedha. Matangazo ya kukusanya maoni yatoke kwa Kiswahili pia, kwenye redio tunazosikiliza, na siku za kupokea maoni zianze kuhesabiwa tangu nakala ya Kiswahili ilipotoka. Sheria ya maombi kwa Bunge ya 2012 inaniruhusu kuwaletea ombi langu kwa Kiswahili; basi ripoti ya kamati inayonijibu nayo ije kwa lugha niliyoulizia. Na kila Alhamisi jioni mkishaahirisha, Karani atoe ukurasa mmoja: miswada gani imejadiliwa wiki hii, imefika hatua gani, na kila kaunti ilipigaje kura au haikuwapo. Ukurasa mmoja tu. Tutausambaza wenyewe kwa simu.

Mheshimiwa Spika, ulikuwa gavana wa Kilifi vipindi viwili. Ulikaa na wazee wa kaya, na wavuvi, na wakulima wa minazi. Nina hakika hukuwasomea Kiingereza. Unajua jinsi uso wa mtu unavyobadilika pale anapoelewa jambo linalomhusu, na jinsi unavyofungwa asipoelewa.

Mswada ujao wa mgao wa mapato ukishafika mezani kwenu, tunaomba nakala moja ya Kiswahili. Haihitaji kuletwa na mtu, itumeni kwenye tovuti yenu, nitaipakua. Maji yakiwa mafu tutakutana. Safari hii nataka asome mwenyekiti wetu mwenyewe, kwa sauti, na mimi niketi nisikilize.

Katibu wa kikundi cha akina mama wakulima wa mwani,
Kaunti ya Kwale